Kufuata gunia la mkaa: siku saba kutoka Dar hadi Kilosa na Udzungwa

Safari hii niliifanya Juni 2025, likizo ya katikati ya mwaka, na naiandika Oktoba kwa kutumia daftari lenye madoa ya udongo na picha za simu. Mimi ni mwalimu wa jiografia Temeke. Mwezi Mei mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: "Mwalimu, hewa ukaa na mkaa ni ndugu?" Nikamjibu haraka kwamba ndiyo, ni neno moja, kaa la moto, kisha nikaendelea na somo. Usiku nikiwa jikoni, nachochea maharage, nikaona jibu langu lilikuwa fupi mno. Gunia lililokuwa pembeni yangu nililinunua Sh 85,000 na sikujua limetoka kwenye mti gani, wala pale ulipokatwa pamebaki nini.

Nikaamua kwenda kuangalia.

Siku ya 1, Jumanne 10 Juni: Dar es Salaam hadi Kilosa

Treni ya SGR, reli ya kisasa, daraja la kawaida, Sh 18,000 hadi Kilosa. Tiketi nilikata mtandaoni siku nne kabla kwa sababu Eid ilikuwa imepita Jumamosi na watu walikuwa wanarudi makazini. Kwa atakayenifuata: beba kitambulisho ulichokatia tiketi, fika stesheni mapema kwa sababu mizigo inakaguliwa, na hakikisha treni uliyochagua inasimama Kilosa. Si zote zinazosimama.

Nilikaa dirishani kusudi. Kutoka Pugu hadi Ruvu niliangalia vichaka vilivyo kando ya reli, vifupi, vyenye mashina membamba yanayotoka mengi mengi chini. Wengi hupita wakadhani pori la pale liko hivyo tangu enzi. Watafiti waliofuatilia misitu ya kuzunguka Dar walikuta mwaka 1991 uchomaji mkaa mkubwa ulikuwa takriban kilomita 20 kutoka mjini; kufikia 2005 ulikuwa umesogea hadi kilomita 50. Mbao nzuri ziliisha mbio zaidi: wavunaji walikuwa wanasogea karibu kilomita 9 kila mwaka. Jiji linakula kuelekea nje, kama moto wa nyasi. Mkaa wangu wa leo unatoka mbali zaidi ya nilikopita nikiwa mtoto na baba tukienda Morogoro kwa basi, na yale magunia yaliyokuwa yamepangwa barabarani Mlandizi siyaoni tena.

Kilosa niliteremka jua likiwa kali. Bodaboda hadi mjini Sh 3,000. Nyumba ya wageni Sh 20,000, chumba kisafi, maji ya ndoo. Jioni nilikula wali na samaki wa mchuzi kwa mama mmoja karibu na soko, Sh 3,500. Aliposikia naenda kuangalia mkaa alinyanyua macho: "Wewe ni wa maliasili?" Nikamwambia ni mwalimu. Akanikatia kipande kingine cha samaki, hakukihesabu.

Siku ya 2, Jumatano 11 Juni: Kilosa hadi Ulaya

Ndiyo, ipo Ulaya wilayani Kilosa, kwenye barabara ya kwenda Mikumi. Gari ni Noah, Sh 5,000, na haiondoki mpaka ijae. Nilikaa ndani tangu saa moja asubuhi. Tuliondoka saa nne na nusu. Barabara ni ya udongo, na Juni ni vumbi. Vaa kitambaa kichwani na funga simu kwenye mfuko wa nailoni.

Huwezi kuingia msitu wa kijiji hivi hivi. Nilikuwa na barua ya utambulisho, nikaanzia ofisi ya kijiji kwa mtendaji, nikaandika kwenye kitabu cha wageni, nikalipa ada ya mgeni na kupewa risiti. Mtendaji akampigia simu katibu wa kamati ya maliasili. Yalichukua saa mbili na hakuna aliyeniomba kitu cha pembeni. Atakayekuja asiruke hatua hii. Kijiji ambacho watu wamejipangia ulinzi wa msitu wao hakiwezi kumwacha mgeni azurure na kamera.

Katibu ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayetembea haraka. Alinipeleka kwa mama yake nilale huko. Mama alikuwa anapepeta dona. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, weka mzigo." Usiku tulikula ugali na mlenda, na kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu ingawa nilimwomba asijisumbue. Nilipotaka kutoa hela ya kulala alikasirika kabisa. Kesho yake nilinunua sukari kilo mbili na sabuni, nikaviacha jikoni bila kusema.

Siku ya 3, Alhamisi 12 Juni: kwenye tanuri

Hii ndiyo siku iliyojaza kurasa nyingi kuliko zote.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, umande ukiwa bado kwenye nyasi. Baada ya saa moja ya kutembea tulikuwa ndani ya msitu wa miombo: miti ya myombo, mtondoro, na hapa na pale mninga wenye alama ya rangi shinani, maana yake usiguswe. Vijiji kadhaa vya Kilosa vilianza mpango wa mkaa endelevu mwaka 2012, kwa kusaidiwa na asasi za uhifadhi wa misitu, TFCG na MJUMITA. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji inatengwa kwa mkaa na kugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kurukana kama nyumba za ubao wa drafti. Kitalu kikishavunwa kinaachwa miaka 24. Karibu na mto, mita 60 kila upande, shoka haliingii. Ada ya uvunaji inabaki kijijini, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji haki ya kumiliki msitu wake na mapato yake. Katibu alinionyesha darasa njiani: "Hili ni mkaa." Akanyoosha mkono upande wa pili kwenye kisima. "Na kile pia."

Tanuri tulilikuta linafuka. Mwenye tanuri ni mzee mwenye mikono mikavu kama gome, kofia ya balaghashia imegeuka kahawia kwa moshi. Nilimwamkia, akanionyesha gogo la kukalia, na kwa saa nne hakuchoka kunijibu.

Magogo yanakatwa, yanaachwa yakauke wiki mbili tatu, ndipo yanapangwa: makubwa katikati, membamba pembeni, nafasi zinazibwa kwa vijiti. Juu yanafunikwa nyasi, kisha udongo. Mdomo mmoja wa kuwashia, na bomba la kutolea moshi upande wa pili ili hewa ipite polepole. Kinachotakiwa ni kuni ziive bila kuungua. "Hewa ikiingia nyingi," alisema mzee, "unafukua majivu." Ndiyo maana analala pale pale, kwenye kibanda cha nyasi, akiamka usiku kuziba nyufa. Moshi mweupe mzito ni maji yanatoka. Ukianza kuwa mwembamba wa bluu, mkaa umekaribia.

Nilikaa nikiangalia moshi ule nikiwa na mahesabu kichwani. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti uliivuta kutoka hewani, mwaka baada ya mwaka, kwa majani yake. Ndani ya tanuri sehemu kubwa ya uzito wa kuni inaondoka: maji, hewa ukaa, kaboni monoksaidi, na methani kidogo. Kinachobaki ni kaboni iliyokolea, ambayo mimi naimalizia Temeke. Tanuri lililopangwa ovyo linakula hadi kilo kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Fundi kama mzee huyu anakaribia kilo tano. Tofauti hiyo ni msitu.

Nilikuwa na utepe wa fundi cherehani. Katibu alinionyesha urefu unaotumika na wapimaji misitu, mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Tukazungusha utepe kwenye mtondoro mmoja ambao haujavunwa: mzingo sentimita 126, yaani kipenyo sentimita 40. Kwa kanuni zinazotumika kukadiria miombo, mti wa hivyo una takriban kilo 800 za uzito mkavu juu ya ardhi. Nusu yake kaboni, kilo 400 kasoro. Kila kilo ya kaboni ikiungana na oksijeni inakuwa kilo 3.67 za hewa ukaa. Kwa hiyo mti mmoja, ambao sikuweza kuukumbatia mpaka vidole vikutane, umeshikilia karibu tani moja na nusu ya hewa ukaa.

Gunia langu ni kilo 50 hivi. Mti ule ungetoa magunia matatu kwa mzee, gunia moja na nusu kwa mchomaji wa mbiombio. Natumia gunia moja kwa mwezi. Nikaandika daftarini: "Mimi peke yangu, mitondoro minne hadi minane kwa mwaka." Nilirudia hesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Ndipo mzee akasema nimfuate. Tulitembea dakika kumi hadi kitalu kilichovunwa miaka ya mwanzo ya mpango, kama miaka kumi na moja iliyopita. Nilitegemea uwanja. Nilikuta msitu mchanga unaonipita kimo. Kila kisiki, kilichoachwa karibu usawa wa goti, kilikuwa na machipukizi matatu, manne, matano yaliyokwisha kuwa miti. Tulipima moja: mzingo sentimita 31, kipenyo 10. Hapa ndipo darasani huwa nakosa mfano mzuri. Kipenyo cha mti mkubwa ni mara nne tu ya huu mdogo, lakini uzito wake ni zaidi ya mara thelathini. Mdogo una kilo 20 na kitu. Hesabu machipukizi manne kwenye kisiki kimoja, na kile kisiki kimesharudisha kilo mia hivi kati ya 800. Mizizi haikufa. Miombo ina tabia hiyo: ukikata shina, chini bado kuko hai, na pale udongo haujageuzwa, kaboni iliyomo ardhini nayo inabaki mahali pake.

"Huu haukuisha," mzee alisema, "umelala."

Lazima niseme pia upande wa pili, maana mzee mwenyewe aliusema: kuna kitalu jirani kilichopitiwa na moto mara tatu mfululizo, na machipukizi yake yamebaki kama fimbo. Na methani inayotoka kwenye tanuri haifutwi na mti unaoota tena. Tani moja ya methani, kwa kipindi cha miaka 100, inapasha joto dunia zaidi ya mara 25 ya tani moja ya hewa ukaa. Mkaa wa mpangilio una gharama yake. Lakini nilikuwa nimesimama ndani ya kitalu kilichokatwa, na kilikuwa kinavuta hewa.

Siku ya 4, Ijumaa 13 Juni: shamba la ufuta

Asubuhi Katibu alisema, "Jana umeona tulichopanga. Leo uone tusichoweza." Tulikodi bodaboda mbili, Sh 10,000 kila moja kwenda na kurudi, tukatoka nje ya mpaka wa hifadhi ya kijiji.

Shamba lilikuwa la mwaka wa pili. Mahindi yameshavunwa, upande wa juu ufuta. Katikati yamesimama mashina meusi ya miti iliyochomwa ikiwa wima, na visiki vimeng'olewa kwa jembe na moto. Nilitafuta chipukizi kwa utepe mkononi. Nilizunguka nusu saa. Palikuwa na mawili, yote yamefyekwa msimu ule ule.

Mwenye shamba ni kijana, ana mke na watoto wawili, amehamia kutoka wilaya nyingine. Alituletea viti vya kamba na mihogo ya kuchemsha yenye chumvi. Sikumwona kama adui wa mtu. Ardhi ya kwao imechoka, mbolea ni ghali, na udongo uliotoka kufyekwa msitu unatoa mahindi mazuri misimu miwili mitatu bila kitu chochote. Kisha unachoka, naye anafyeka tena. Nilimuuliza magogo aliyapeleka wapi. "Mengine nilichoma mkaa nikapata hela ya mbegu. Mengine niliyachoma tu, yananizuia kulima."

Niliondoka Dar nikiamini kwamba mkaa ndio unaomaliza misitu yetu, na nimefundisha hivyo kwa miaka tisa. Utafiti uliofanywa Tanzania bara, wa kuangalia maeneo halisi yaliyopoteza msitu na kuuliza nini kimechukua nafasi yake, ulikuta kilimo ndicho kinachoongoza, na zao linaloonekana zaidi ni mahindi. Nilikuwa nimesoma hilo na kulipita. Pale shambani ndipo nilipolielewa. Mkaa ukivunwa kwa mpango unaondoa mashina na kuacha mizizi, udongo na muda. Shamba linaondoa vyote vitatu. Kwenye daftari la kaboni, mti uliokatwa Alhamisi ni deni linalolipwa taratibu. Ule wa Ijumaa hakuna anayeulipa, na udongo unaogeuzwa kila msimu nao unaendelea kutoa kaboni yake.

Tatizo linazidi pale mkaa na shamba vinapofuatana: mchomaji asiye na kibali anasafisha, mkulima anaingia nyuma yake. Na ulinzi wa kijiji kimoja unaweza kusukuma shoka hadi kijiji kisicho na mpango. Wataalamu wanaita kuvuja. Katibu anaita "kuhamishia moto kwa jirani".

Jioni tulikaa barazani na vijana watano wakauliza habari za "hela ya hewa". Wamesikia redioni kwamba vijiji vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vinalipwa kwa kutunza msitu. Ni kweli; huko kuna biashara ya kaboni, na tangu 2022 nchi ina kanuni zake za biashara hiyo. Kilosa yenyewe iliwahi kuwa na majaribio ya MKUHUMI, mpango wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji na uharibifu wa misitu, miaka ya 2009 hadi 2014 kwa fedha za Norway, na wanakijiji waligawiwa malipo ya majaribio. Mzee mmoja alikumbuka siku ile, foleni chini ya mwembe. Nilijaribu kueleza kwamba anayelipwa halipwi kwa kuwa na miti. Analipwa kwa miti ambayo ingekatwa na haikukatwa, na ndiyo maana hesabu yake ni ngumu na inabishaniwa: lazima mtu akisie ambacho kingetokea. Kijana mmoja alifikiri kidogo, akasema, "Basi yule wa ufuta ndiye anayepaswa kulipwa." Sikuwa na la kuongeza.

Siku ya 5, Jumamosi 14 Juni: Ulaya, Mikumi, Mang'ula

Siku ya barabarani. Tairi lilipasuka kabla ya Mikumi, saa mbili kando ya njia. Abiria mmoja alinipa nusu ya muwa wake. Mikumi nilipata basi la Ifakara, Sh 8,000, na kufika Mang'ula usiku. Daftari nililisahau kwenye kiti. Kijana wa bodaboda alilifuata basi hadi kituo cha mbele, akanirudishia saa nne usiku na kukataa zaidi ya hela ya mafuta, Sh 4,000. Bila yeye msingesoma hapa.

Siku ya 6, Jumapili 15 Juni: maporomoko ya Sanje

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992. Kiingilio kwa raia ni nafuu, lakini ongeza gharama ya mwongozaji, ambaye ni lazima. Hawapokei fedha taslimu. Utapewa namba ya malipo, kwa hiyo weka salio kwenye simu kabla ya kupanda. Beba maji lita mbili na viatu vya kushika ardhi. Njia ya Sanje inaanzia kijiji cha jina hilo, karibu kilomita 10 kutoka lango la Mang'ula.

Toka kwenye miwa ya bondeni, hatua mia chache, na mwanga unabadilika. Baada ya siku tatu za miombo, ambako jua linafika chini, humu nilihisi nimeingia ndani ya nyumba. Mbega wekundu walikuwa juu yetu, matawi yanaanguka. Mwongozaji alitusimamisha kwenye shina lenye mbavu kama kuta. Nilitoa utepe wangu wa sentimita 150 na haukufika hata robo.

Kwenye viwanja vya utafiti sehemu mbalimbali duniani imeonekana kwamba asilimia 1 ya miti mikubwa kabisa hubeba karibu nusu ya uzito wote wa msitu. Na misitu ya milimani Afrika, kwa utafiti uliochapishwa 2021, ina wastani wa tani 149 za kaboni kwa hekta juu ya ardhi, zaidi ya ilivyokuwa ikidhaniwa. Zidisha kwa 3.67: karibu tani 550 za hewa ukaa kwenye hekta moja, eneo la kiwanja kimoja na nusu cha mpira hivi.

Na msitu wa hivyo unavuta kiasi gani kwa mwaka? Hapa huwa watu wanashangaa. Misitu ya tropiki ya Afrika ambayo haijaguswa imekuwa ikiongeza takriban tani 0.66 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, kwa miongo mitatu hadi 2015, wakati Amazon uwezo wake ulikuwa unashuka. Ni kidogo kwa hekta, ni kikubwa kwa bara. Lakini linganisha: tani 149 zinaweza kutoka ndani ya msimu mmoja wa moto na shoka, na kwa mwendo wa 0.66 kuzirudisha ni zaidi ya miaka 200. Msitu mchanga hukua mbio kuliko huo mkongwe, kama nilivyoona kwa mzee. Hata hivyo hakuna mche ninaoweza kupanda na wanafunzi wangu utakaofikia shina lile kabla hatujafa sote. Nimepanda miche mingi na nitaendelea. Ila nimeacha kuwaambia wanafunzi kwamba mche mmoja unafidia mti mmoja.

Maporomoko yana urefu wa mita 170. Nilikaa kwenye jiwe, nyunyu linalowesha uso. Maji haya yanashuka Kilombero, na Kilombero ndiyo inayoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere linazalisha umeme, megawati 2,115 mitambo yote ikifanya kazi. Treni iliyonileta ilitumia umeme wa gridi hiyo hiyo.

Chakula cha mchana Sanje: wali wa Kilombero, perege wa kukaanga, Sh 4,000.

Siku ya 7, Jumatatu 16 Juni: Morogoro na nyumbani

Basi la alfajiri, kupitia katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Twiga watatu, tembo hakuna. Kwenye nyasi kulikuwa na mistari myeusi ya moto wa mapema, unaochomwa Juni nyasi zikiwa bado na unyevu ili moto mkali wa Septemba usikute kitu.

Nilishuka Morogoro nikapanda daladala hadi Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), kwa sababu pale ndipo kilipo Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni. Sikuwa na miadi, nilitaka tu kupita. Mlinzi alinisikiliza kwa subira, akanielekeza maktaba. Tathmini ya misitu ya nchi nzima iliyofanywa kati ya 2009 na 2014, kwa viwanja zaidi ya 30,000 vya kupimia vya duara, ilikuta Tanzania bara ina hekta milioni 48.1 za misitu. Wapimaji walifanya nilichofanya na utepe wangu, mti kwa mti, nchi nzima. Makadirio ya baadaye yaliweka upotevu kuwa hekta 469,420 kwa mwaka. Mkoa mzima wa Dar es Salaam, ungekuwa wote msitu, ungefyekwa zaidi ya mara tatu kila mwaka.

Kwa dunia nzima, kati ya 2001 na 2019 misitu ilivuta karibu tani bilioni 16 za hewa ukaa kwa mwaka, huku ukataji na uharibifu ukitoa tani bilioni 8 hivi. Nikachora mstari chini ya namba hizo mbili. Nusu ya kazi ya msitu inafutwa na sisi wenyewe.

Treni ya jioni, Sh 13,000. Jumla ya safari yote, na zawadi ndani yake, Sh 236,000. Ungeweza kupunguza kwa kuruka Udzungwa, sikushauri. Nenda Juni hadi Oktoba, mvua ikianza barabara ya Ulaya inakatika. Beba sukari, sabuni na kalamu za watoto, hela ya kulala hawatapokea.

Nyumbani nilinunua mtungi wa gesi wa kilo 15, uliokuwa kwenye mipango tangu serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia kufikia 2034. Maharage bado nayapika kwa mkaa, kiasi cha gunia moja kwa miezi mitatu, na sasa namuuliza muuzaji umetoka wapi. Mara nyingi hajui.

Utepe wangu nilimtumia Katibu baadaye. Mwishoni mwa Septemba alinitumia picha ya kisiki karibu na tanuri la mzee, kitalu cha mwaka huu. Kimetoa machipukizi sita, majani mekundu ya kabla ya mvua, marefu kuliko shubiri. Chini ameandika: "Mwalimu, haya bado hayapimiki. Tusubiri."